Rangi za vitambaa kutoka kwenye maganda ya jikoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi hii naifanya uani kwangu Tanga, kwa sufuria mbili, ndoo nne na kamba ya kuanikia. Wanaokuja kununua vitambaa na wanaokuja kujifunza huniuliza maswali yanayofanana, kwa hiyo nimeyajibu hapa kwa urefu.

Ni taka zipi za jikoni zinazotia rangi inayodumu?

Anza kwa kukumbuka madoa. Aliyewahi kufua nguo za watoto anajua kwamba utomvu wa ndizi mbichi, maji ya bibo na maji ya kumbi la dafu vikishaingia kwenye shati, shati hilo ndiyo basi tena. Vyote vina ukakasi, ule unaokaza ulimi ukila bibo au ndizi ambayo haijaiva. Ukakasi huo ni tanini, na tanini hushikana na nyuzi za kitambaa bila kubembelezwa. Doa lililomtoa mama jasho kwenye karo ndiyo rangi tunayoitafuta.

Kwa hiyo mimi huokota hivi: maganda makavu ya vitunguu maji, kokwa na maganda ya parachichi, maganda ya komamanga, majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, na makumbi ya dafu. Vitunguu vyetu vyekundu hutoa kahawia yenye wekundu, na kwenye kitambaa kilichotiwa shabu, ile inayoshikisha rangi, huweza kuelekea ukijani kidogo. Vile vyenye ganda la rangi ya dhahabu hutoa njano iliyokolea mpaka chungwa. Parachichi hutoa waridi na rangi ya udongo mwekundu. Komamanga hutoa njano iliyofifia, na kwangu ndilo ganda la thamani kuliko yote, kwa sababu nitakazozieleza. Chai na makumbi hutoa kahawia.

Sinunui chochote katika hivyo. Wauza vitunguu sokoni hupepeta maganda kila jioni, na wauza juisi hujaza ndoo nzima ya kokwa za parachichi msimu ule ambao malori yanashuka kutoka Njombe na Rungwe. Ukiwaomba kwa adabu na ukawapelekea mfuko wako mwenyewe, watakuwekea.

Mbona hukutaja bitiruti, rozela na kabichi ya zambarau? Hizo ndizo zenye rangi kali.

Zina rangi kali kwenye maji tu. Bitiruti hutoka na suuza ya pili ya kitambaa cha pamba. Rozela na kabichi ya zambarau hubadilika kila zikikutana na kitu kipya: zikiguswa na limau zinakuwa nyekundu, zikiguswa na sabuni zinageuka kijani cha kijivu, na jua likizipiga zinafifia.

Nililijifunza hili kwa uchungu. Mwanzoni nilimtilia dada yangu vitambaa vya meza kwa rozela kwa ajili ya shughuli ya harusi. Vilitoka vya zambarau, vizuri mno, kila aliyeviona alivisifu. Baada ya shughuli alivifua kwa sabuni ya mche, na maji yalipokwisha vikawa na rangi ya majivu. Alinyamaza, na mimi nilinyamaza, lakini tangu siku ile siuzi kitambaa cha rozela hata mtu akiniomba. Kunywa rozela yako.

Na manjano?

Hapa watu hubishana nami, kwa sababu doa la manjano wanalijua. Tazama linavyofanya. Mchuzi ukidondokea kanzu nyeupe, ukapaka sabuni, doa linageuka jekundu kama damu. Unaogopa. Ukisuuza, linarudi njano. Ukiianika kanzu juani siku mbili tatu, doa linaondoka lenyewe. Hapo manjano yamekwishajieleza: yanaingia kwenye pamba haraka, hata bila dawa yoyote, ila jua linayatoa. Yatumie kwa kitu kinachokaa ndani na hakifuliwi mara kwa mara, na umwambie mwenye nacho. Kwa mtandio wa kila siku, tafuta njano ya vitunguu au ya komamanga.

Shangazi alinifundisha kutia chumvi na siki ili rangi ishike. Nitie kiasi gani?

Usitie. Najua hili linawaudhi wengi, kwa sababu limerithishwa kwa heshima. Chumvi ina kazi yake kwenye baadhi ya rangi za dukani, na siki ina kazi yake kwenye sufu na rangi zinazotaka maji makali. Kwenye pamba na rangi za maganda, havishikishi chochote. Kinachoshikisha ni usafi wa kitambaa, kisha tanini, kisha shabu. Ukiniuliza kwa nini kitambaa chako kimechuja, nitakuuliza ulikifanyia nini kabla hakijaingia kwenye rangi. Mara nyingi jibu ni kwamba kilitoka dukani kikaingia sufuriani.

Basi nieleze hatua zote kwa kitambaa kimoja cha pamba.

Tuchukue kipande cha merikani cha gramu 200. Pima kikiwa kikavu, kwa sababu kila kitu kinafuata uzito huo. Mzani mdogo wa jikoni unatosha.

Kwanza kioshe mpaka kiwe uchi. Merikani mpya imejaa uwanga wa kiwandani na nta ya pamba yenyewe, na rangi haipenyi hapo. Yeyusha kijiko kimoja cha chai cha magadi kwenye kikombe cha maji ya moto, acha mchanga wake utulie chini, kisha mimina maji ya juu tu kwenye sufuria kubwa yenye maji na sabuni kidogo. Chemsha kitambaa humo saa nzima. Maji yatageuka njano ya chai. Yakiwa machafu sana, yamwage urudie. Usiruke hatua hii hata kama kitambaa ni cheupe pe na kinanukia upya.

Kisha tanini. Twanga gramu 40 za maganda makavu ya komamanga, yachemshe polepole dakika 45, chuja. Ingiza kitambaa kikiwa kibichi kwenye maji hayo yakiwa ya moto wa kustahimilika kwa mkono, na kiache kilale humo mpaka asubuhi. Huna komamanga, tumia majani ya chai, lakini yale yaliyokwisha kuchujwa yataka kuwa mengi zaidi, kama mara tatu.

Asubuhi kikamue bila kusuuza kwa nguvu, ukiingize kwenye shabu. Kwa gramu 200 za kitambaa ninatumia gramu 30 za shabu, yaani asilimia 15, pamoja na gramu 4 za magadi. Kila kimoja kiyeyushwe peke yake kwenye maji ya moto, kisha vichanganywe taratibu kwenye ndoo kubwa, maana vinapokutana hutoa povu jingi na linaweza kumwagika. Povu likitulia ongeza maji ya moto mpaka kitambaa kielee, kigeuzegeuze, na kiache saa kadhaa au usiku mzima. Suuza kidogo.

Sasa ndiyo rangi. Chukua maganda ya vitunguu yenye uzito sawa na kitambaa, gramu 200. Utashangaa ni mfuko mkubwa kiasi gani, maganda hayana uzito. Ukiwa na nusu yake, rangi itakuwa nyepesi, na hilo si kosa. Loweka, kisha chemsha polepole saa moja. Chuja maganda yote, kwa sababu ganda likibaki limegandamana na kitambaa litaacha doa. Ingiza kitambaa, weka moto mdogo ambao maji yanatetemeka tu bila kutokota, geuza kila baada ya dakika chache kwa saa nzima, kisha zima moto na ukiache kipoe humohumo.

Kitoe, kikamue, kianike kivulini bila kukisuuza. Kikae siku tatu nne, kisha ndiyo ukisuuze kwa maji baridi. Na usihukumu rangi kikiwa kibichi. Kitambaa kibichi daima kimekolea kuliko kitakavyokuwa kikikauka.

Mbona kazi ni ndefu hivyo?

Ni siku tatu, ila muda mwingi kitambaa kimelala kwenye ndoo nawe unafanya mambo yako. Hariri na sufu ni rahisi zaidi: hazihitaji tanini, shabu peke yake yatosha, na hazitaki magadi wala moto mkali.

Nitajuaje kitambaa ni pamba kweli? Muuzaji anasema pamba mia kwa mia.

Chomoa nyuzi mbili tatu za ukingoni uzichome. Pamba huwaka haraka, hunuka kama karatasi iliyoungua na huacha majivu laini yanayopeperuka ukiyapuliza. Hariri na sufu hunuka nywele. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na huacha kidonge kigumu cheusi. Ukiona majivu yenye vidonge, ni mchanganyiko, na kitashika rangi nusunusu. Kanga nyingi siku hizi ni za mchanganyiko, hivyo ichome nyuzi yake kabla hujaingia gharama.

Nitumie sufuria gani?

Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na magadi hula alumini. Anayepika maharage kwa magadi ameiona sufuria ikiwa nyeusi ndani. Kwa hatua ya kuoshea kitambaa tumia chuma cha pua au enameli isiyobanduka. Kwa rangi yenyewe alumini inaweza kukusaidia ukiwa huna nyingine. Sufuria ya chuma kitupu itakutilia weusi bila ruhusa yako.

Ukishaiteua sufuria ya rangi, pamoja na mwiko na chujio lake, isirudi kupikia chakula tena. Maganda yalikuwa chakula, sawa, lakini shabu, na maji ya kutu nitakayoyaeleza kwenye kijivu na nyeusi, si chakula.

Shabu napata wapi, na je ni salama?

Ni ileile shabu nyeupe kama kioo ambayo vinyozi hupaka baada ya kunyoa na ambayo watu huzungushia kwenye ndoo ili tope la maji lishuke chini. Inauzwa kwenye maduka ya dawa za asili na ya viungo. Nunua ya mawe uiponde mwenyewe ukiwa umefunga kitambaa puani, usivute vumbi lake, na iweke mbali na watoto. Maji yaliyobaki baada ya kazi yamwage kwenye udongo usiopandwa mboga, mbali na kisima.

Nimechemsha kokwa za parachichi, nimepata kahawia badala ya waridi. Nimekosea wapi?

Karibu kila mara ni moto. Kokwa hutaka upole. Zioshe mpaka utelezi wa nyama uishe kabisa, kwa sababu nyama ikibaki ina mafuta na inachafua maji. Zikate vipande zikiwa bado mbichi, maana zikikauka zinakuwa mawe na kisu kitakukata wewe. Utaona kitu kizuri hapo: ndani kokwa ni nyeupe kama maziwa, na kabla hujamaliza kukata ya tatu, ile ya kwanza imekwishageuka rangi ya chungwa.

Ziweke kwenye maji, moto mdogo, saa moja. Zima. Ziache mpaka kesho. Washa tena kidogo. Maji yatatoka waridi hafifu yakaja wekundu wa divai. Ukitaka wekundu zaidi, dondosha magadi kidogo sana, kama punje za chumvi unazotia kwenye yai, na uone maji yanavyobadilika. Yakitokota kwa nguvu, wekundu unageuka kahawia na haurudi.

Sababu ya pili ni maji yako. Maji ya kisima chenye chuma hufifisha waridi na kuifanya ya kijivu. Mimi hukinga maji ya mvua za masika kwa ajili ya parachichi tu, na jirani wanaona kituko, lakini tofauti inaonekana kwa macho.

Jambo zuri la kokwa ni kwamba zina tanini yake zenyewe, hivyo hata bila komamanga zinashika pamba vizuri.

Nataka kijivu na nyeusi.

Ukimenya ndizi mbichi kwa kisu cha chuma cha zamani, kisu na vidole hugeuka vyeusi. Chuma kimekutana na tanini. Basi fanya hivyohivyo kwa makusudi. Tia misumari yenye kutu kwenye chupa ya mdomo mpana, mimina sehemu moja ya siki na mbili za maji, usikaze kifuniko, iache wiki mbili mpaka maji yawe ya rangi ya kutu. Andika juu ya chupa kwa herufi kubwa ni nini, na iweke mahali ambapo mtoto hafiki.

Kitambaa kilichokwisha kutiwa komamanga au chai, kichovye kwenye ndoo ya maji yenye vijiko viwili vya maji hayo ya kutu. Kitageuka mbele ya macho yako, kutoka njano hadi kijivu cha mvua ndani ya dakika moja. Cha vitunguu kitakuwa kijani cha zeituni. Kitoe mapema kisha ukisuuze vizuri, kwa kuwa chuma kikizidi hula nyuzi, na hariri na sufu huathirika haraka zaidi. Ukitaka weusi zaidi, rudia tanini na kutu kwa zamu badala ya kuongeza kutu.

Na buluu?

Jikoni hamna buluu inayodumu. Maji ya kulowekea maharage meusi hutoa samawati ya kijivu inayovutia, nayo huondoka kama rozela. Buluu ya kweli ya mimea ni nili, na kazi ya nili ni nyingine kabisa.

Zamani huku pwani walitumia nini?

Kaniki, ile nguo ya buluu iliyokaribia weusi, ilikuwa ya pamba iliyotiwa nili. Merikani yenyewe ilipata jina kwa wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa bandari ya Salem, walioileta Zanzibar kwa wingi karne ya 19 baada ya mkataba wa 1833 na Sayyid Said. Wasukaji wa mikeka walipata weusi wa ukindu kwenye mizizi ya mdaa, ngozi ililainishwa kwa magome ya mkandaa, ambao ni aina ya mkoko, mzingifuri ulitoa wekundu, na hina iko mikononi mwetu mpaka leo. Mikoko naomba tuiache: gome likichunwa mti hufa, na ganda la komamanga linafanya kazi ileile.

Rangi za viwandani zilianza London mwaka 1856, kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alipokuwa akijaribu kutengeneza kwinini ya kutibu malaria, akapata zambarau badala yake. Kabla ya hapo watu duniani kote walitia nguo zao rangi kwa mimea, wadudu na madini.

Unasema ni kazi ya kutunza mazingira, lakini unachoma mkaa siku tatu?

Swali hili ni la haki, na wanaolikwepa wanakosea. Gharama kubwa ya kazi hii ni moto, halafu maji. Mimi hutumia jua kila ninapoweza. Vitunguu na chai hutoa rangi yake vizuri kwenye ndoo nyeusi yenye kifuniko iliyowekwa juani siku nne au tano, maji na maganda pamoja, kitambaa kikaongezwa baadaye. Hatua ya shabu haihitaji moto wa kuendelea. Moto naubakiza kwa kuoshea na kwa kokwa. Na sufuria ya rangi haimwagwi baada ya kitambaa kimoja: cha pili hutoka chepesi zaidi, cha tatu chepesi kabisa, na vyote vitatu vikikaa pamoja vinapendeza.

Rangi itafifia?

Itafifia polepole, miaka si siku, kama kitambaa kiliandaliwa. Fua kwa mkono, maji baridi, sabuni laini ya kuogea badala ya mche wala unga, anika kivulini kikiwa kimegeuzwa ndani nje. Usitie limau kwenye doa, wala siki, maana palipoguswa patabadilika rangi.

Kabla sijauza rangi mpya, hukata ukanda mmoja, naufunika nusu kwa kadibodi, naubandika dirishani kwa wiki mbili. Ukifunguliwa, mstari kati ya nusu mbili unasema kila kitu. Ukanda mwingine naufua mara tano. Kilichoshindwa hakiendi sokoni.

Mteja anataka vitambaa 20 vya rangi moja. Inawezekana?

Vitie vyote siku moja, sufuria moja, maganda ya mfuko mmoja. La sivyo mwambie mapema kwamba vitatofautiana. Weka daftari: tarehe, uzito, maji ya wapi, muda wa moto, na kipande cha kitambaa kimebanwa pembeni kwa pini. Daftari langu limevimba mpaka halifungiki, na bila hilo nisingejua waridi ya Machi ilitoka wapi.

Naweza kutia shati la mtumba?

Ndiyo, na mashati ya pamba ya mtumba ni mazuri kwa kuwa yamefuliwa mara nyingi. Jua tu kwamba uzi wa kushonea mara nyingi ni poliesta: shati litakuwa waridi na mishono itabaki nyeupe. Wengine hupenda. Palipomwagika mafuta au jasho la kwapa patatoka tofauti, hivyo loweka vizuri kwanza.

Kitambaa kimetoka na mabaka. Nifanyeje?

Sufuria ilikuwa ndogo, au kitambaa kiliingia kikavu, au hukukigeuza. Loweka kwanza saa moja kila mara, na kitambaa kiogelee sufuriani kama khanga baharini. Kilichokwisha kuharibika usikitupe. Kikunje, kikaze kwa nyuzi kama unavyofanya batiki, kichovye kwenye maji ya kutu dakika mbili, kisha kifungue. Mabaka yataingia ndani ya mapambo, na mtu hataweza kusema ni lipi lilikuja kwa bahati mbaya.